Je, Tumwachie Kiwavi Sehemu Yake?



Katika Katanga miti ya pori haingoji mvua. Mwezi wa tisa, udongo ungali mkavu na vumbi jekundu lingali hewani, miyombo inatoa majani mapya, mekundu kwanza, kisha ya kijani. Mwezi wa kumi joto linazidi. Mawingu yanakusanyika na kutawanyika, na watu wanatazama juu. Halafu mvua moja inanyesha, udongo unanukia, na kesho yake sauti ya jembe inasikika katika kila lupango. Huyu anapanda lengalenga nyuma ya nyumba, yule anapanda tomati kando ya ukuta, mwingine anaweka mashu, vitunguu na bamia. Bukari bila mboga hakuna anayeipenda, na mboga ya soko inadai feza kila siku.

Majuma mawili yanapita. Mvua haikurudi, na jua linaunguza miche. Inayopona inapigwa na mvua kubwa ambayo mwishowe inakuja kwa nguvu na kufukia mbegu. Inayobaki inapata wageni: kiwavi anayekata shina usiku kama kisu, panzi, konokono, mchwa, na wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya chini ya jani. Mtu aliyepanda miche 40 anaamka asubuhi na kuhesabu 25.

Hapo swali linazaliwa, nalo si swali la jembe tu. Ni swali la zamiri. Mtu mwema apaswa kukubali hasara gani? Na ile asiyotaka kuikubali, ana ruhusa ya kuiondoa kwa njia gani?

Tunasikia majibu mawili. Mmoja anasema: «Ndiyo bahati yangu. Bustani haikunipenda.» Anaweka jembe pembeni na kurudi kununua mboga sokoni. Mwingine anasema: «Mimi sipotezi hata jani moja.» Anakwenda kutafuta sumu iliyo kali kuliko zote, na kuimwaga bila kipimo. Majibu haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali kama usiku na mchana. Sisi tunazani kwamba ni ndugu. Wote wawili wamekataa kazi ile ngumu ya kupima: hasara ipi ni yangu, na ipi si yangu.

Mvua haina bwana

Tuanze na mvua, maana juu ya mvua hakuna mwanadamu anayetawala.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ni mdanganyifu. Inalowesha udongo kidole kimoja, inaamsha mbegu, kisha inakwenda zake. Mbegu iliyoamshwa haiwezi kulala tena: ama inapata maji, ama inakufa. Huku Lubumbashi mvua za kweli huja kwa kawaida katika mwezi wa kumi na moja, na kuendelea mpaka mwezi wa tatu. Wazee wanajua jambo hili, kwa hiyo wanaacha mvua ya kwanza ipite huku wakitayarisha matuta na samadi. Si uvivu. Wanangoja, na mikono yao inafanya kazi.

Watu wa inchi za baridi nao wana mvua zao za kudanganya, ila kwao adui ni baridi. Katika Ubelgiji na Ufaransa, mwezi wa nne na wa tano, jua la mchana linapendeza na udongo unapata joto. Mkulima anatamani kutoa miche yake ya tomati na maharagwe nje. Lakini usiku mmoja tu wa barafu unaweza kuja kwa kimya na kuua yote. Ndiyo maana wakulima wa kale waliweka alama katika kalenda: siku za watakatifu Mamerto, Pankrasi na Servasi, tarehe 11, 12 na 13 ya mwezi wa tano. Waliwaita Watakatifu wa Barafu. Mtakatifu Servasi alikuwa askofu wa Tongeren, mji ulio Ubelgiji leo, katika karne ya nne. Mkulima alijiambia hivi: mpaka siku ya Servasi ipite, mche mlaini ubaki ndani.

Sasa sikilizeni jambo moja la kuchekesha na la kufundisha. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alitengeneza kalenda, na siku 10 zikaondolewa. Tarehe 4 ya mwezi wa kumi ilifuatwa mara moja na tarehe 15. Hivyo siku ambayo mkulima wa kale aliiita tarehe 11 ya mwezi wa tano, sisi leo tunaiita tarehe 21. Watakatifu walihama pamoja na kalenda, lakini baridi haikusoma tangazo la Papa. Mpaka leo watu wanaendelea kutaja siku zile zile, na kuna miaka barafu inafika baada yake.

Je, sheria ile ni bure? Hapana. Inamkumbusha mtu kwamba uzuri wa asubuhi moja si ahadi. Lakini anayeifuata huku amefumba macho atadanganywa. Sheria ya wazee ni fimbo ya kutembelea. Haiwezi kutembea peke yake.

Basi mtu afanye nini mbele ya jambo asilolitawala? Agawanye tumaini lake. Asipande mbegu zote siku moja. Apande fungu moja leo, la pili baada ya siku kumi, la tatu baada ya siku kumi tena. Miche midogo aikuze katika kitalu chini ya kivuli cha majani, ambapo mkono wake unaweza kuifikia kwa maji. Wakati wa mvua kubwa ainue matuta ili maji yapite kando, na wakati wa ukavu afunike udongo kwa majani makavu ili maji yasikimbie. Anayepanda mara tatu amekwisha kukubali kwamba mara moja itapotea. Amekubali hasara kabla haijaja, na kwa sababu hiyo haimvunji moyo. Wahenga walisema: jitihada haiondoi kudura. Ni kweli. Lakini hawakusema kwamba kudura inaondoa jitihada.

Jirani mwenye meno

Mvua haina nia. Kiwavi naye hana nia mbaya, ila ana tumbo. Yeye anatafuta chakula chake kama sisi tunavyotafuta chetu. Tena sisi wa Katanga tuseme ukweli: kiwavi wa pori tunamnunua sokoni akiwa mkavu, tunamkaanga, tunamla kwa bukari na kumsifu. Kiwavi anayekula jani la mti wetu wa pori tunamwita chakula. Yule anayekula jani la shu yetu tunamwita shetani. Wote wawili wanakula majani. Tofauti ni mahali walipokaa, na faida yetu.

Hatusemi hivi ili kumtetea. Bustani imepandwa kwa ajili ya watoto wa nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kuilinda, tena ana wajibu. Kwa hiyo jibu la yule wa kwanza, anayesema «ndiyo bahati yangu», hatuwezi kulikubali. Je, alizunguka bustani asubuhi kabla jua halijapanda? Kiwavi anayekata shina usiku hajifichi mbali. Fukua kwa kidole udongo ulio karibu na mche ulioanguka, mara nyingi utamkuta amejikunja pale pale. Konokono wanaokotwa kwa mkono wakati wa jioni na wakati wa umande. Wadudu wa kijani wanaonyonya wanaoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Jivu la jikoni linasaidia, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa yanasaidia pia. Mahali palipokaa tomati mwaka huu, pasikae tomati wala bilingani mwaka ujao, maana hao ni ndugu na wanaugua magonjwa ya namna moja. Na anayechanganya vitunguu, mashu na lengalenga katika lupango moja hatapoteza vyote kwa siku moja, kwa sababu kila mdudu ana chakula anachokipenda.

Kazi hizi hazidai feza nyingi. Zinadai macho na kuinama kila siku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu ambaye hakuinama, kisha akasema «Mungu hakupenda», amemtupia Mungu uvivu wake mwenyewe.

Lakini tuseme pia, kwa haki, kwamba hata anayeinama kila siku hatawamaliza. Jani moja litatobolewa, mche mmoja utaanguka. Hapa ndipo yule wa pili anapokasirika na kuleta sumu.

Hasara haifi, inahama

Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba dawa iitwayo DDT inaua wadudu kwa ajabu. Mwaka 1948 alipewa zawadi ya Nobel. Watu walizani kwamba vita na wadudu imekwisha. Ni kweli kwamba dawa ile iliokoa watu wengi na malaria na homa ya chawa, wala hatupendi kuizarau. Lakini katika mashamba mambo mengine yalitokea. Mwaka 1953, katika kisiwa cha Java, ilionekana kwamba kiwavi mdogo wa mashu amekuwa hafi tena kwa DDT. Waliokuwa zaifu walikufa. Wachache wenye nguvu walibaki, wakazaa wenye nguvu kama wao. Mkulima aliongeza dawa, kiwavi akaongeza nguvu. Mwaka 1962 mwanamke wa Marekani, Rachel Carson, alitoa kitabu kilichoonyesha namna sumu inavyotoka kwa mdudu, ikapita kwa samaki na ndege, na kukusanyika katika miili yao. Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT katika mashamba. Mwaka 2001, katika mji wa Stockholm, inchi nyingi zilipatana kuifungia kwa kazi za kilimo.

Tunajifunza nini? Tunajifunza neno moja ambalo tunaomba msomaji alishike: hasara haifi, inahama. Mkulima hakutaka kupoteza jani. Vema, jani lilipona. Lakini hasara ile haikutoweka. Ilitoka katika bustani yake, ikaingia mtoni. Ilitoka mtoni, ikaingia kwa samaki. Na wa mwisho kuilipa ni mtu ambaye hajui hata kwamba anadaiwa.

Tulete jambo hili karibu na mlango wetu. Sumu nyingi za mboga zina sheria ya siku: baada ya kunyunyiza, yapasa kungoja siku kadha wa kadha kabla ya kuvuna, ili nguvu yake ipungue. Hesabu ya siku imeandikwa kwenye chupa. Lakini siku ya soko ni kesho, na tomati ni nyekundu, na bei ni nzuri. Tuseme mtu amenyunyiza leo na anavuna kesho. Tomati yake inang'aa, haina tundu. Mama anayenunua anaichagua hasa kwa sababu haina tundu. Anailipa feza, anaipeleka nyumbani, anamkatia mtoto wake mbichi na chumvi.

Tena tuseme kwamba mtu huyo ana tuta dogo karibu na jikoni, ambalo halinyunyizi kamwe, na mboga ya nyumba yake inatoka huko tu. Tuta lile linamshitaki kuliko mwamuzi yeyote. Maana linaonyesha kwamba anajua. Kama dawa ni nzuri, kwa nini haiweki juu ya chakula cha watoto wake? Na kama ni mbaya, kwa nini anaiweka juu ya chakula cha watoto wa wengine? Hakuiba kitu sokoni. Kipimo chake cha kilo ni sawa. Lakini ameuza hasara yake kwa jina la tomati, na mnunuzi amelipia hasara hiyo bila kuiona.

Hapo tunaona mpaka wa jambo lote. Kuna hasara ambayo ni yangu, nami naweza kuikubali au kupigana nayo. Lakini sina haki ya kuitoa mgongoni mwangu na kuiweka mgongoni mwa mwenzangu wakati hajui. Angejua, labda angekubali, labda angekataa. Kumnyima nafasi ya kukataa, hiyo ndiyo zambi.

Kidudu cheupe na nyigu mdogo

Mtu atauliza: «Basi mnataka tufe njaa kwa ajili ya wadudu?» Hapana. Tutaeleza jambo lililotokea katika inchi yetu wenyewe, na juu ya mboga tunayoila wote, yaani sombe.

Karibu na mwaka 1973, katika sehemu za Kinshasa na Brazzaville, mihogo ilianza kuugua kwa namna mpya. Ncha za mimea zilijikunja na kukauka, na juu yake palionekana vidudu vyeupe kama unga. Havikuwa wenyeji. Vilitoka Amerika ya Kusini, kule mhogo wenyewe ulikotoka zamani. Vilipofika huku havikukuta adui, vikazaa bila kipimo, hasa wakati wa ukavu. Mwaka baada ya mwaka vilienea katika Zaïre, kama inchi yetu ilivyoitwa siku zile, na katika inchi nyingi za Afrika. Penye vidudu hivyo majani ya sombe yalipotea, na mizizi ikabaki myembamba. Njaa iliwatisha mamilioni ya watu.

Sumu haikuweza kuwa jibu. Nani angeweza kunyunyiza kila shamba la mihogo kutoka baharini mpaka maziwa makubwa? Na nani angeilipa? Wataalamu wa chuo cha utafiti wa kilimo cha Ibadan, katika Nigeria, pamoja na Hans Herren wa Uswisi, waliuliza swali lingine: huko Amerika, kwa nini kidudu hiki hakimalizi mihogo? Lazima kuna anayekila. Walitafuta, na mwaka 1981 kidudu kilionekana Paraguay pamoja na adui zake. Mmoja wa adui hao ni nyigu mdogo sana, hafiki hata urefu wa punje ya mchele. Anataga yai ndani ya kidudu cheupe, na mtoto wake anakila kidudu toka ndani. Nyigu walipimwa kwanza kwa uangalifu, ili ijulikane kwamba hawatazuru kitu kingine, kisha mwaka ule ule 1981 wakaachwa katika mashamba ya Nigeria. Baadaye waliachwa katika inchi nyingine nyingi, na katika Zaïre pia. Mihogo ilipona. Mwaka 1995 Herren alipewa zawadi ya ulimwengu ya chakula.

Lakini sisi tunataka mtazame kiini cha habari hii. Nyigu hawakumaliza vidudu vyeupe. Hawawezi kuvimaliza, na si vema vimalizike. Kama vingeisha vyote, nyigu nao wangekufa kwa kukosa chakula. Na siku kidudu kimoja kingerudi kutoka ng'ambo, kusingekuwa na mlinzi. Mihogo yetu inaishi kwa sababu vidudu vichache vinaishi. Sehemu ile ndogo wanayoila ndiyo mshahara wa askari wanaotulinda. Anayetaka kuokoa sehemu hiyo pia, akamwaga sumu kali, anaua askari kwanza, maana nyigu ni zaifu kuliko kidudu kilichojifunika nta yake. Halafu maadui wanarudi, na hakuna mlinzi.

Katika Injili tunasoma mfano wa mwenye shamba ambaye watumishi wake walitaka kung'oa magugu mara moja, naye akawazuia wasije wakang'oa ngano pamoja nayo. Mfano ule una maana yake ya juu, nasi hatuishushi. Ila kila mwenye bustani anaielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu amekwisha kuona mkono wa hasira unavyong'oa vyote viwili.

Neno la mama mwenye tuta moja

Tunamsikia sasa mama mmoja akitujibu: «Ninyi waandishi mnasema vizuri. Lakini mimi nina tuta moja na watoto sita. Mwenye shamba kubwa amwachie kiwavi sehemu. Mimi nikimwachia, mtoto wangu analala bila mboga.»

Mama huyu ana haki, na neno lake lisikilizwe. Hasara ya majani kumi kwa tajiri ni majani kumi. Kwa maskini ni chakula cha jioni. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia akubali peke yake. Hasara iliyo nzito kwa mtu mmoja sharti ichukuliwe na wengi. Zamani mtu aliyepoteza mbegu alikwenda kwa jirani, akapewa, wala hakuandikiwa deni. Desturi hiyo isife mjini. Mwenye kitalu kilichopona amgawie miche yule ambaye chake kimeungua. Wakaaji wa barabara moja wapatane siku ya kuokota konokono na viwavi pamoja, maana anayeokota peke yake anawapokea wa jirani usiku ule ule. Tuta la mama huyu ni dogo, lakini matuta 20 ya barabara nzima si madogo. Na wale wenye matuta makubwa wakumbuke kwamba wao ndio wanaoweza kukubali hasara kwa wepesi. Wawe wa kwanza kuikubali.

Tena hatusemi kwamba kila dawa ni zambi. Dawa ya bustani ni kama dawa ya hospitali: ina mgonjwa wake, kipimo chake na saa yake. Ukilazimika kuitumia, tumia ile iliyoruhusiwa kwa mboga hiyo, kwa kipimo kilichoandikwa, na uhesabu siku zote za kungoja hata kama soko ni kesho. Jifunike mdomo na mikono. Usiinyunyize wakati wa upepo wala karibu na kisima. Usiiweke kamwe katika chupa ya limonadi, maana mtoto hasomi, anakunywa. Na kama mnunuzi akikuuliza, mwambie ukweli.

Lakini neno letu juu ya hasara inayohama haliwahusu wenye matuta tu. Hapa Lubumbashi shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda ulibebwa na upepo na kuanguka juu ya mitaa na bustani. Wataalamu wamepima udongo na mboga za sehemu hizo, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadmi kupita kiasi. Chuma cha namna hiyo hakiozi kama jani. Kinakaa katika udongo, na wajukuu wanakikuta. Kuosha mboga kunaondoa vumbi la juu, lakini hakuondoi kile ambacho mzizi umekwisha kukinywa. Shaba ile ilileta faida, na faida ilikwenda mbali. Hasara ilibaki katika matuta ya akina mama. Wakubwa waliokwepa hasara yao na mtu anayevuna tomati kabla ya siku wamefanya tendo la namna moja, ila kipimo ndicho kinachotofautiana. Anayewalaumu wakubwa anasema kweli. Basi naye asifanye vile vile katika kilo yake moja ya tomati.

Wenye bustani karibu na mahali palipoharibika wasikate tamaa. Wanaweza kuinua matuta kwa udongo mzuri ulioletwa kutoka mbali, na kuongeza samadi na chokaa, ambavyo vinasaidia kupunguza kile ambacho mzizi unakinywa. Lakini wasiachwe wailipe kazi hiyo peke yao. Aliyepata faida ndiye aliyepaswa kuleta ule udongo.

Kipimo cha kila siku

Tukusanye sasa. Mbele ya mvua, tugawanye tumaini na kungoja tukifanya kazi. Mbele ya kiwavi, tuiname kila asubuhi na kulinda kwa mikono yetu kila tunachoweza kulinda. Kile ambacho mikono haikuweza kukilinda, tujiulize juu yake maneno matatu. Kwanza: je, hasara hii naweza kuichukua bila watoto kulala njaa? Kama naweza, niiache iende; ni sehemu ya kiwavi, na ya nyigu wanaonilinda. Pili: kama siwezi, je, nimewaita jirani tuichukue pamoja? Tatu: je, njia ninayotaka kuitumia inaondoa hasara kweli, au inaihamisha kwa mtu asiyejua?

Na sisi tunaonunua, tusijisahau. Tunapolipitia fungu la lengalenga sokoni na kulikataa kwa sababu lina matundu mawili, tunamfundisha muuzaji kumwaga sumu. Tundu la kiwavi ni ushuhuda mdogo kwamba mdudu alikula jani lile na kuishi. Tumwulize muuzaji amelilima wapi na namna gani, tulinunue lile lenye matundu, tukalioshe vizuri na kulipika. Jikoni, ndani ya sufuria, hakuna anayeyaona matundu.